Kuvuka Mlangobahari kwa njia ya zamani

JUMATATU: London Victoria hadi Dover

Siku hizi anayekwenda Ufaransa kwa treni, kupitia handaki chini ya Mlangobahari unaoitenga nchi hiyo na Uingereza, hupandia stesheni ya St Pancras, London. Mimi nimeanzia Victoria kwa makusudi, kwa sababu kwa zaidi ya miaka mia moja stesheni hii ndiyo ilikuwa mlango mkuu wa London wa kutokea kwenda Ulaya. Kati ya jukwaa la 8 na la 9 pana kibao ambacho wengi hukipita bila kukitazama. Kinasema mwili wa Askari Asiyejulikana, yule aliyekufa vita kuu ya kwanza bila jina lake kujulikana na akazikwa kwa heshima kwa niaba ya wenzake, ulilala hapa usiku wa tarehe 10 Novemba 1920. Ulipakiwa kwenye manowari HMS Verdun huko Boulogne, ukashushwa Dover, ukaletwa London ndani ya behewa la mizigo. Mimi naifuata njia hiyo kinyumenyume: Dover, Folkestone, Calais, Boulogne, kisha Lille kwa binti wa shangazi yangu.

Nimezaliwa Tabora, baba akiwa karani wa stesheni. Mtoto wa stesheni hujua mapema kwamba mtu wa ofisi ya mbali akibadilisha ratiba, kuna mama anayeuza karanga na mayai ya kuchemsha dirishani ambaye kesho hatakuwa na mteja. Ndiyo maana historia ya treni huwa naisoma nikianzia kwenye vituo vilivyorukwa. Rekodi za mwendo huja baadaye.

Hapa Victoria, kuanzia Mei 1929 hadi Septemba 1972, iliondoka treni ya kifahari ya Golden Arrow. Kwa miaka mingi ilitoka saa 5 asubuhi. Abiria walishuka Dover, wakavuka kwa meli, na Calais wakaikuta treni ya Flèche d'Or ya Wafaransa ikiwasubiri gatini. Mwaka ule wa 1929 safari nzima hadi Paris ilichukua kiasi cha saa 6 na nusu. Hata maofisa wa kikoloni waliokuwa wakienda Mombasa na Zanzibar, wale walioogopa mawimbi ya Ghuba ya Biscay, walipita njia hii kwa treni hadi Marseille na kuidaka meli huko.

Treni niliyopanda mimi ni ya watu wa mkoa: wanafunzi, mafundi na mabegi ya zana zao, bibi mmoja na mbwa wake. Inapita Bromley South, inavuka mto Medway pale Rochester, inaendelea Faversham na Canterbury East. Njia hii iliwekewa umeme mwaka 1959, na ile ya kupitia Ashford mwaka 1961. Umeme wenyewe unapita kwenye reli ya tatu iliyolazwa kando ya zile mbili, usiikanyage. Kwa watu wa Kent, mkoa huu tunaoupita, hayo yalikuwa mapinduzi kuliko Golden Arrow yoyote: moshi uliondoka, treni zikawa nyingi, na mtu wa kijijini akaweza kufanya kazi London na kulala kwake.

Dover Priory nimefika kwenye saa 11 jioni, nikatembea moja kwa moja hadi bandari ya magharibi. Pale limesimama jengo lililokuwa stesheni ya Dover Marine. Treni za hospitali zilianza kulitumia mwaka 1915 kabla halijakamilika, zikibeba majeruhi kutoka Ufaransa. Abiria wa kawaida walianza kupita mwaka 1919. Paa lake ni refu na pana, majukwaa yalikuwa manne, na meli ilifunga ukutani hatua chache kutoka kwenye mlango wa behewa. Lilifungwa Septemba 1994, miezi minne baada ya handaki la chini ya bahari kuzinduliwa. Leo linapokea abiria wa meli za utalii, na magari yanaegeshwa mahali ambapo reli zilipita.

Kilichonileta hasa upande huu ni Night Ferry. Kuanzia Oktoba 1936 hadi Oktoba 1980, treni hii iliondoka Victoria usiku ikiwa na mabehewa ya kulala ya kampuni ya Wagons-Lits, na mabehewa hayohayo yakaamkia Gare du Nord, Paris. Abiria hakushuka kitandani. Ili hilo liwezekane, Dover walijenga gati lenye malango, wakawa wanapiga maji ndani au kuyatoa hadi sitaha ya meli ilingane na reli za nchi kavu, kwa kuwa bahari hapa hupanda na kushuka mita nyingi kila siku. Mabehewa yalisukumwa ndani ya meli yakigawanywa kulia na kushoto ili meli isilale upande mmoja, kisha yakafungwa kwa minyororo kwenye sitaha. Waliosafiri nayo wengi wanaitaja kelele ya ile minyororo, chuma juu ya chuma usiku wa manane, chini kabisa ya mto wa kulalia.

Ninaielewa kelele hiyo. Mwanza Kusini baba aliwahi kunionyesha mabehewa yakiingizwa kwenye MV Umoja, meli iliyojengwa na Waskoti miaka ya 1960 kwa ajili ya kuvusha mabehewa Ziwa Victoria. Ile ilikuwa ya mizigo tu. Lakini unapoona behewa zima likiingia tumboni mwa meli huku reli zikikutana sawasawa, hutaki kuambiwa tena kwamba maji ndio mwisho wa reli.

JUMANNE: Dover hadi Folkestone

Kati ya Dover na Folkestone reli imebanwa kati ya majabali ya chokaa na bahari, na bahari haijawahi kuikubali. Desemba 1915 mlima uliporomoka pale Warren, treni ikiwa njiani. Abiria walitoka salama kwa miguu, lakini njia haikufunguliwa hadi Agosti 1919. Miaka mia baadaye, Desemba 2015, mawimbi yaliula ukuta karibu na handaki la Shakespeare na treni hazikupita hadi Septemba 2016. Nimekaa dirisha la kushoto, upande wa bahari. Ukitoka kwenye handaki hilo unaona kipande cha ardhi tambarare chini ya majabali, chenye nyasi na njia za kutembea. Hapo ni Samphire Hoe, na ardhi hiyo ni chokaa iliyochimbwa chini ya bahari kwa ajili ya handaki: mita za ujazo karibu milioni 5. Walipotafuta pa kuitupa, wakajengea nchi mpya.

Uchimbaji wenyewe haukuanzia miaka ya 1980. Mashine ilikwisha kutoboa karibu kilomita 2 kutokea hapa mwanzoni mwa miaka ya 1880, ikasimamishwa mwaka 1882 kwa sababu majenerali wa Uingereza waliogopa jeshi kupitia humo. Wakajaribu tena miaka ya 1970, serikali ikaachana nalo Januari 1975 kwa ajili ya gharama. Mkataba uliofanikiwa ulitiwa saini Canterbury Februari 1986, na tarehe 1 Desemba 1990 wachimbaji wa pande mbili walishikana mikono chini ya bahari.

Folkestone nimeshuka stesheni ya kati, nikateremka hadi bandarini kwa miguu. Hapa nimekaa muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Kutoka njia kuu hadi bandarini ilikuwepo reli fupi, iliyopita abiria kuanzia mwaka 1849. Mteremko wake ni mkali kuliko unavyodhani reli inaweza: kila mita 30 unashuka mita 1. Treni ya meli ikipanda kutoka gatini enzi za mvuke ilihitaji injini tatu, wakati mwingine nne, nyingine zikivuta mbele na nyingine zikisukuma nyuma, zote zikihema hadi juu. Mamilioni ya askari wa vita kuu ya kwanza walipita bandari hii. Treni za kawaida zilikoma mwaka 2001, treni ya mwisho kabisa ilipanda mwaka 2009, na njia ikafungwa kisheria mwaka 2014.

Nilidhani nitakuta magofu. Nimekuta watu. Daraja la reli linalokatiza bandari limekuwa njia ya kutembea. Stesheni imekarabatiwa, majukwaa yake yaliyopinda yapo, mapaa yapo, na reli zenyewe zimeachwa mahali pake huku maua na majani yakiota katikati ya mataruma. Chumba cha ishara kilichosimama juu ya njia sasa kinauza kahawa. Watoto walikuwa wanatembea juu ya reli mikono wameinyoosha ili wasidondoke, na hakuna aliyewakemea. Nimeinama kuishika reli moja. Upande wa juu, uliokuwa unang'arishwa na magurudumu, umeshika kutu nyekundu sawa na ubavu wake, na pale reli mbili zinapoungana misumari mikubwa bado imekaza kama siku ilipofungwa.

Nafurahi hawakuing'oa. Lakini nikiwa pale mwisho wa gati, Ufaransa ikionekana kwa mbali kama mstari mweupe, hakuna chombo hata kimoja cha kunivusha. Boti za kwenda Boulogne ziliacha kutoka hapa mwaka 2000. Kilomita chache nyuma ya mji, pale Cheriton, magari na malori yanaingia kwenye treni zenye urefu wa karibu mita 800 na kufika Coquelles, upande wa Ufaransa, kwa dakika 35. Ukiwa na gari, Folkestone ndio ukaribu wenyewe wa Ufaransa. Ukiwa na miguu yako tu na tikiti ya treni, upo mbali kuliko mtu wa mwaka 1849.

JUMATANO: Ashford

Shangazi anaishi Ashford tangu alipohamia kufanya kazi ya uuguzi. Nimefika jana usiku. Leo asubuhi amenipikia mkate wa kumimina, mmoja wa kula hapa na mwingine wa kumpelekea binti yake Lille. Akauviringisha kwenye kitambaa.

"Shikamoo shangazi, huu utafika umelala," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Zamani nilikuwa nautoa jikoni, nateremka hapo stesheni, na nikifika kwa dada yako bado una moto."

Hakutia chumvi. Kuanzia Januari 1996 Eurostar, treni za kasi zinazopita handaki la chini ya bahari, zilisimama Ashford, na Lille ilikuwa mwendo wa kama saa moja. Stesheni ilijengwa upya kwa ajili hiyo: majukwaa ya kimataifa, kaunta za pasi, mashine za kukagua mizigo. Tangu Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, hakuna Eurostar iliyosimama tena, wala hapa wala Ebbsfleet, stesheni nyingine ya Kent. Tumekwenda pamoja kuangalia. Ukumbi upo, vioo vipo, milango imefungwa. Juu, kwenye daraja la kaskazini mwa stesheni, treni ya Paris ikapita. Uliisikia kabla ya kuiona, na ukiisha kuiona imekwenda.

Watu wa hapa wana haki ya kuuliza. Mji huu ulilelewa na reli: karakana ya reli ilianza mwaka 1847 na mtaa mzima ukajengwa kwa ajili ya wafanyakazi wake, hadi ilipofungwa mwaka 1982. Lakini pia nisiseme nusu. Ile njia ya kasi iliyokamilika Novemba 2007 haikuwaacha watupu. Desemba 2009 zilianza treni za Hitachi, ambazo watu huziita Javelin, zinazotumia njia hiyohiyo ya Eurostar kwa abiria wa ndani. London ambayo ilikuwa zaidi ya saa moja ikawa dakika 37 au 38. Shangazi mwenyewe alipokuwa anahudhuria kozi London alizipenda sana.

Mchana nimepanda treni ya dizeli ya kwenda upande wa Hastings, mabehewa machache yakikatiza kinamasi cha Romney. Njia hii ilitajwa ifungwe mwaka 1963 katika ule mpango wa Beeching wa kufunga njia nyingi za reli nchini, ikaponea. Tawi lake la New Romney halikuponea. Abiria waliondolewa mwaka 1967. Nimeshuka Appledore, stesheni iliyo mbali na kijiji chake, nikasubiri inayorudi. Kondoo, mifereji, upepo. Kwa mtoto wa shule anayeteremka pale kila siku, hiyo ndiyo treni muhimu kuliko zote Uingereza.

ALHAMISI: Dover hadi Calais

Nimeamua kuvuka kwa meli, na hapo ndipo nimeona pengo lenyewe. Kutoka Dover Priory hadi bandari ya mashariki, zinakotoka meli, hakuna treni na hapajawahi kuwa na stesheni ya abiria. Nimetembea karibu nusu saa na begi na mkate wa shangazi. Bandari yote imepangwa kwa ajili ya malori. Abiria wa miguu tulikuwa wachache mno. Tulipakiwa kwenye basi, tukateremshwa kwa ukaguzi, polisi wa Ufaransa akaitazama viza yangu ya Schengen na pasi ya Tanzania ukurasa kwa ukurasa, akagonga muhuri, tukarudishwa kwenye basi hadi ndani ya meli.

Safari ni dakika 90. Majabali meupe yanabaki nyuma muda mrefu kuliko unavyotarajia.

Calais nako basi, kisha mjini. Zamani treni ilikufuata hadi gatini, Calais-Maritime; stesheni hiyo haipo tena. Stesheni ya mjini, Calais-Ville, ipo hai, ikihudumia treni za mkoa. Na nje ya mji, mashambani, ipo ya tatu, Calais-Fréthun, iliyojengwa kwenye njia ya kasi karibu na mdomo wa handaki.

IJUMAA: Boulogne, kisha Lille

Treni ya mkoa hadi Boulogne inapita vilima vya kijani na kuteremka kuelekea Wimereux. Boulogne palikuwa na stesheni ya meli, na kisha stesheni ya vyombo vinavyoelea juu ya hewa, ambako treni kutoka Paris ilikuja hadi ufukweni. Vyombo hivyo viliivuka bahari kwa nusu saa hivi tangu 1968. Vya mwisho, vya Calais na Dover, vilistaafu Oktoba 2000. Meli ya abiria ya mwisho iliiacha Boulogne mwaka 2010. Bandari imebaki ya samaki, na soko lake asubuhi ni zuri sana.

Hapa lakini nataka kuwasifu Wafaransa. Njia ya kasi ya kaskazini ilipofunguliwa mwaka 1993, ilipitishwa Lille kwa juhudi kubwa za meya wake, Pierre Mauroy, aliyewahi kuwa waziri mkuu. Amiens waliokuwa wameitaka wakaikosa; wakapewa stesheni katikati ya mashamba, TGV Haute-Picardie, ambayo wenyeji huiita stesheni ya viazisukari. Msomaji aliyewahi kushuka Miritini na kutafuta usafiri wa kuingia Mombasa anajua hali hiyo. Lakini mwaka 2000 serikali ya mkoa ilikubali kugharamia treni za mkoa zinazotumia njia hiyo ya kasi, kwa nauli ya kawaida na nyongeza ndogo. Calais-Fréthun hadi Lille ikawa kama nusu saa. Yaani walifanya miaka tisa kabla kile ambacho Kent walikuja kukifanya mwaka 2009: njia iliyojengwa kwa ajili ya wapitaji ikapewa pia wenyeji. Ilikuwa uamuzi wa watu waliokaa mezani, na mkoa ulikuwa na kiti kwenye meza hiyo.

Nimefika Lille jioni. Binamu amefungua kitambaa, akaukata mkate, akacheka: "Wa juzi huu!" Tumeula wote na chai.

JUMAPILI: Lille hadi London, na kurudi Ashford

Jumamosi ilikuwa ya mazungumzo na soko, haina la kuandika hapa.

Lille-Europe wanakagua pasi mara mbili, Mfaransa kisha Mwingereza, ndipo unapanda. Handaki lina urefu wa kilomita 50 na nusu, karibu 38 zikiwa chini ya bahari. Dakika 20 za giza, masikio yanaziba kidogo, simu inaendelea kushika mtandao. Ukitoka upo Kent.

Mwaka 1994, treni hizi zilipoanza kubeba abiria mwezi Novemba, zilikimbia kilomita 300 kwa saa upande wa Ufaransa, kisha Kent zikajiunga na foleni ya treni za wafanyakazi kwenye reli ya zamani hadi Waterloo. London hadi Paris ilikuwa saa 3. Mwaka 2007, njia mpya ilipokamilika, ikashuka hadi saa 2 na dakika 15. Kila dakika iliyookolewa naiheshimu, kuna wahandisi walioitolea jasho. Lakini ahadi za wakati ule zilikuwa pana zaidi ya miji mikuu. Treni maalumu za kuunganisha Manchester na Glasgow moja kwa moja na Paris ziliundwa, na hazikuwahi kufanya kazi hiyo hata siku moja. Mabehewa 139 ya treni za usiku, ya kulala na ya kukaa, yaliagizwa kwa ajili ya mradi wa Nightstar, warithi halisi wa Night Ferry. Mradi ukafutwa, mabehewa yakauzwa Kanada, na huko ndiko yalikobeba watu.

Ashford nimepita saa 9 na dakika 5 alasiri, juu ya lile daraja. Niliona paa la stesheni kwa muda wa kupumua mara mbili. St Pancras saa 9 na dakika 35. Nikashuka, nikapita umati, nikapanda Javelin ya saa 10 na dakika 12 kurudi nilikotoka, kwenye reli zilezile. Nimeshuka Ashford saa 10 na dakika 50. Shangazi alikuwa anangoja jukwaani.

"Umepita hapa saa ngapi?"

Nikamwambia. Akapiga hesabu kwa vidole, akatikisa kichwa, akachukua begi moja bila kuombwa. Anataka kwenda kwa binti yake Desemba. Usiku tumekaa mezani na ratiba mbili, ya kupitia London na ya kupitia Dover. Ya London ni fupi kwa saa lakini nauli yake imemkera, na ngazi za umati ule haziwezi. Tumekubaliana tutapitia Dover, mimi nitakuja kumbebea mizigo, na Calais tutalala usiku mmoja ili apumzishe magoti.